Brashi Mbili, Mwili Mmoja

Katika karakana ile ya kushona sare za shule kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua. Kila nguo iliyokatwa ilibanwa kikaratasi chenye jina la mshonaji. Ukizidiwa na kazi, unamsogezea mwenzako nguo na kusema neno moja tu: "Nimalizie." Mwenzako anaimalizia. Haulizi kwa nini. Kikaratasi hakiguswi, jina linabaki lako.

Lakini nguo ikirudishwa na mteja kwa kuwa imeharibika, aliyeimalizia anajitokeza mwenyewe. Anatoa kikaratasi cha mwenzake, anabana chake, anasema, "Nimeharibu mimi." Basi, yamekwisha. Hakuna kelele. Anakaa chini, anafumua, anashona upya.

Ilikuwa kanuni nzuri, na kwa miaka mingi haikumdhuru mtu. Ila Mama Pacha aliitumia mahali pasipo pake.

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa pindo na vifungo. Alikuwa na mikono myepesi na moyo usiojua kukataa. Ukimwambia, "Shika hiki," ameshashika kabla hujamaliza kusema. Watoto wake pacha walilijua hilo vizuri sana, na mumewe pia.

Mwenye karakana alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Jina lake la utani lilikuwa Jemadari, na nani angethubutu kumwita vingine? Yeye ndiye aliyekata vitambaa. Utepe shingoni, chaki sikioni, sauti hadi barabarani.

"Wifi, hizi pindo umezishona au umezilamba?" Jemadari aliuliza kila asubuhi.

"Nimezishona, wifi. Labda macho yako ndiyo yanataka kupigwa pasi."

"Yalete hapa!" alidakia Bibi Pasi kutoka kwenye kona yake. "Pasi imeshapata moto."

Bibi Pasi alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, mpiga pasi wa karakana. Alikuwa hana meno mawili ya mbele, na hilo halikumzuia kucheka. Wasichana wawili wa mashine nao wakicheka, siku imeanza.

Asubuhi moja akaingia Nesi, na boksi kwapani. Zahanati yake ilikuwa mtaa wa pili, na magauni yake yote ya kazi yalishonwa pale. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mikubwa na mwendo wa haraka.

"Nesi, gauni lako bado," Jemadari akasema bila kuinua macho. "Njoo Ijumaa."

"Sikuja kwa gauni. Nimewajia nyinyi. Zimeni mashine dakika kumi."

"Dakika kumi ni kola nne!"

"Kola zitangoja. Hazina miguu."

Cherehani zikanyamaza. Nesi akafungua boksi lake juu ya meza. Ndani kulikuwa na vipakiti vidogo. Katika kila kipakiti kulikuwa na brashi moja laini yenye mpini mrefu, na kichupa chenye kifuniko.

"Nani amewahi kusikia saratani ya mlango wa kizazi?" aliuliza.

Mama Pacha alimtazama wifi yake kwa pembe ya jicho. Jemadari alikuwa ameinamia kitambaa, anachora chaki mahali alipokwisha kuchora.

Wote wawili waliijua. Mama yake Jemadari, mkwe wa Mama Pacha, alifariki kwa ugonjwa huo miaka tisa iliyopita. Mama Pacha ndiye aliyemwogesha. Ndiye aliyefua mashuka. Yule mama alikuwa akiona damu muda mrefu na kuficha. Kila akiulizwa alisema, "Ni umri tu, mwanangu." Alipofikishwa hospitali hakuweza tena kutembea. Tangu siku hiyo Jemadari hakuvuka mlango wa hospitali. Akimpeleka mgonjwa, anamfikisha getini, yeye anabaki nje.

"Ugonjwa huu hauletwi na uchawi wala laana," Nesi aliendelea. "Unaletwa na kirusi. Jina lake HPV. Watu wanaambukizana kwa kujamiiana. Na msianze kunyoosheana vidole, maana karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza hukipata wakati fulani. Wanawake na wanaume."

"Karibu kila mtu?" Bibi Pasi alishangaa.

"Karibu kila mtu, bibi. Kwa walio wengi, mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mtu hata hajui kwamba alikuwa nacho. Lakini kwa wachache kinang'ang'ania. Kinakaa miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi. Polepole kinaharibu nyama ya mlango wa kizazi, na mwisho wake ni saratani."

"Kinauma?" msichana mmoja wa mashine aliuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Hakiumi, hakiwashi. Unashona, unapika, unacheza harusini, chenyewe kimetulia tu. Ndiyo maana tunampima mtu ambaye hasikii lolote. Tukikigundua mapema, tunatibu nyama iliyoharibika kabla haijawa saratani, na matibabu yenyewe ni mepesi."

"Na mimi je, bibi yenu? Kwangu duka lilishafungwa zamani."

Waliangua kicheko, na Nesi pia akacheka. Kisha akasema, "Wewe bibi njoo zahanati nikuangalie siku yoyote. Mtu aliyekwisha kukoma hedhi hapaswi kuona damu hata tone. Ukiiona, usinyamaze."

Akawaonyesha brashi. "Kipimo hiki ni cha kuanzia miaka thelathini. Mwenye virusi vya UKIMWI anaanza mapema zaidi, kwenye ishirini na tano, na anarudia mara nyingi zaidi. Unaingiza brashi mwenyewe ukeni, taratibu, unaizungusha mara tano, unaitia kwenye kichupa. Hakuna wa kukutazama. Dakika mbili."

Karakana ilikuwa na chumba cha kujaribia nguo, chenye pazia na kioo. Nesi alitoa vipakiti viwili, kimoja cha Mama Pacha na kimoja cha Jemadari, akaandika majina yao juu ya vichupa. Wale wasichana wa mashine walikuwa hawajafika umri.

"Naanza mimi," Jemadari alisema kwa sauti kubwa. "Jemadari hatangulizi askari." Akaingia, akavuta pazia.

Dakika mbili zilipita, kisha tano.

"Wifi," sauti ikaita nyuma ya pazia. "Njoo unishikie kioo."

Mama Pacha akaingia na kipakiti chake mkononi. Jemadari alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kipakiti kilikuwa mapajani, hakijafunguliwa. Mikono yake, mikono ile ile iliyokata majora ya kitambaa bila kupinda, ilikuwa inaukunja na kuukunjua utepe wa shingoni.

"Nimalizie," alinong'ona.

"Wifi, hii siyo…"

"Nimalizie. Nakuomba."

Mama Pacha hakuwahi kusikia Jemadari akiomba. Alimwonea huruma. Aliwafikiria wale wasichana huko nje, na jinsi wangemcheka bosi wao. Akapokea kipakiti, kama alivyopokea pindo na vifungo miaka yote.

Jemadari alisimama, akajinyoosha sketi, akatoka. "Tayari!" alitangaza. "Mbona rahisi hivyo? Nyinyi mlidhani nini?"

Nyuma ya pazia, Mama Pacha alitumia brashi mbili kwa mwili mmoja. Moja akaitia kwenye kichupa chake. Nyingine akaitia kwenye kichupa chenye jina la wifi yake.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Vilikuwa vyeti viwili, kila kimoja na mstari ule ule: virusi havikuonekana, rudi baada ya miaka mitano.

Jemadari alikibana cheti chake ukutani kwa pini, karibu na orodha ya kazi. "Oneni wenyewe," alisema. "Injini mpya kabisa!"

Wasichana walimpigia makofi, na Mama Pacha akapiga pia. Aliona haya kidogo, kisha kazi za kufungua shule zikamwagika, akasahau.

Miezi ikapita. Ukuta ukazoea kile cheti, na wenye ukuta wakakizoea.

Kitu cha kwanza alichokiona Mama Pacha kilikuwa kapu la vipande. Vipande vyeupe vya pamba vilivyobaki kwenye ukataji viliwekwa pale, kwa kushonea mifuko ya ndani. Sasa kila alipofika kuchukua, kapu lilikuwa tupu. Halafu akaona kwamba Jemadari havai tena sketi ya rangi ya kung'aa. Ni nyeusi Jumatatu, nyeusi Alhamisi. Mto wa kiti chake nao ulikuwa umegeuzwa juu chini.

Mchana mmoja walipobaki wawili, Mama Pacha alimsogelea.

"Wifi, unaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Kapu limeniambia."

Jemadari aliweka mkasi chini. Alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Mwezi wangu unapotea njia. Unakuja siku zisizo zake. Na mara nyingine baada ya kukutana na mume wangu."

"Damu?"

"Kidogo. Usinitolee macho hivyo. Nina miaka arobaini na nne. Ni umri tu."

Mama Pacha aliwahi kuyasikia hayo kwa mkwe wake. Maneno yalikuwa yale yale, na hata sauti ilikuwa ile ile.

"Wifi, twende kwa Nesi."

"Kwa Nesi kufanya nini?" Jemadari alinyoosha kidole ukutani, uso mkavu kabisa. "Cheti si kile pale? Mimi mzima."

Jamani! Mama Pacha alidhani anataniwa. Lakini Jemadari hakuwa anatania. Alikuwa amekitazama kile cheti kila siku mpaka amekiamini, kana kwamba ile brashi aliitumia yeye. Akachukua mkasi, akaendelea kukata.

Jioni ile Mama Pacha alikaa mbele ya sahani akakishika kijiko bila kula. Mumewe akamuuliza kulikoni.

"Hakuna."

"Hakuna gani hiyo? Chakula kimepoa."

Angemwambia nini? Kwamba dada yake huenda anaumwa ugonjwa uliomuua mama yao? Kwamba yeye, mke mwema asiyejua kukataa, ndiye aliyeziba njia ya kuujua? Alisema kichwa kinamuuma, na hilo lilikuwa kweli.

Alijilaumu. Alimkasirikia Jemadari, kisha akamwonea huruma, kisha akajilaumu tena. Alifikiria kwenda kwa Nesi kimyakimya, lakini Nesi angempima nani? Aliyetakiwa kwenda alikuwa Jemadari kwa miguu yake mwenyewe. Na Jemadari hakuwa mtu wa kuvutwa kwa kamba.

Asubuhi alifika karakana mapema, kabla ya wenzake. Akachukua kikaratasi kimoja kutoka kwenye sanduku, akaandika jina lake. Akakibana juu ya cheti cha ukutani, mahali penye jina la Jemadari. Kisha akasimama pale pale, akangoja.

Jemadari aliingia na funguo mkononi. "Leo umelala hapa, wifi?" Akaona ukuta.

"Kazi imerudi," Mama Pacha alisema. "Nimeharibu mimi."

"Kitoe hicho."

"Sikitoi."

"Nani mwenye karakana hapa?"

"Wewe. Na nani alifua mashuka ya mama?"

Jemadari akajishusha juu ya mzigo wa vitambaa, akafunika uso kwa viganja. Mama Pacha akakaa karibu yake.

"Nikienda wataniambia," Jemadari alisema.

"Watakwambia nini?"

"Walichomwambia mama."

"Mama aliambiwa siku aliyobebwa kwa machela. Wewe jana umekata majora mawili ukiwa umesimama, na ukanigombeza mara saba. Nilihesabu."

Jemadari alicheka huku machozi yakimtoka. "Mara tano."

"Saba. Wifi, mwili wako siyo wangu. Cheti kile ni changu. Chako hakipo. Hatujui kitu chochote juu yako, tunajidanganya tu."

"Na kama ni yenyewe?"

"Tutakuwa wawili. Sitabaki getini."

Bibi Pasi alipofika wakamwachia funguo, wakaenda.

Zahanati ilikuwa na benchi refu na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Jemadari alisita mlangoni. Mama Pacha hakumvuta. Alimshika tu mkono, na baada ya kitambo Jemadari akanyanyua mguu.

Walipofunga mlango wa chumba cha Nesi, Mama Pacha alisimulia yote, tangu pazia mpaka kapu. Hakujificha nyuma ya mtu.

Nesi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa amekasirika.

"Mama Pacha, unajua ulimpa nini wifi yako? Ulimpa miaka mitano ya kutokuja hapa."

Mama Pacha aliinamisha kichwa.

"Usimseme yeye," Jemadari aliingilia. "Mimi ndiye niliyemwomba."

"Basi nawasema wote wawili, halafu tunaendelea na kazi," Nesi akasema, na sauti yake ikalainika. "Sikilizeni. Hata kama cheti kile kingekuwa chako, damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, ingekuleta hapa. Cheti hakijibu swali la damu. Damu ina sababu nyingi, na nyingi siyo saratani. Lakini lazima tuangalie. Panda kitandani."

Alimpima kwa taa na kifaa cha kufungulia njia. Mama Pacha alishika mkono wa wifi yake upande wa kichwani. Nesi alipaka siki nyepesi, ambayo hugeuza nyama yenye kasoro kuwa nyeupe, kwenye mlango wa kizazi na kusubiri. Safari hii brashi ilitumika kwa Jemadari mwenyewe, na jina lake likaandikwa juu ya kichupa chake.

"Naona vitu viwili," Nesi alisema. "Kuna kinyama kidogo kinachoning'inia. Na kuna sehemu imegeuka nyeupe baada ya siki. Sitaki kubahatisha. Daktari wa hospitali kubwa atachukua vipande vidogo, vipimwe."

"Ni saratani?"

"Sijui bado. Nikikwambia hapana nitakudanganya, na nikikwambia ndiyo nitakudanganya vilevile. Nenda kesho. Usingoje wiki ijayo."

Walikwenda kesho yake. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye kueleza kila kitu kabla ya kukifanya. Alikitoa kile kinyama, akachukua na vipande vingine viwili, vidogo sana. Jemadari alisema vilimfinya tu, halikuwa jambo la kupiga kelele. Kisha wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Jemadari alikata suruali za watoto wawili kwa kipimo cha mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hakuna aliyemtania. Bibi Pasi alimwachia kila asubuhi kitambaa kilichopigwa pasi cha kufutia uso.

Majibu ya brashi yalitangulia: virusi vimeonekana. Jemadari aliyasoma mbele ya Nesi, na macho yakawaka.

"Kwa hiyo mume wangu ana mambo."

"Aa-a. Usiende huko," Nesi akasema. "Kirusi hiki kinaweza kuwa kimekaa kwako tangu ulipokuwa binti, au kwake tangu kabla hajakuoa. Hakuna kipimo cha kusema nani alikileta wala lini. Ukienda nyumbani kugombana, utagombana bila ushahidi. Mwelezee kama nilivyokueleza."

Mume wa Jemadari alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Alisikiliza yote akiwa na saruji viganjani. Mwisho akauliza, "Siku ya majibu ni lini?" Akaambiwa. "Siku hiyo siendi kazini," akasema. Jemadari alimsimulia Mama Pacha hayo na akalia tena, safari hii kwa furaha.

Siku ya majibu walikaa watatu mbele ya daktari. Mwashi upande mmoja, Mama Pacha upande mwingine, Jemadari katikati ameshika mkoba kama ngao.

"Siyo saratani," daktari alisema.

Mwashi alitoa pumzi ndefu. Mama Pacha akajikuta amemkumbatia Jemadari, mkoba na vyote.

"Ngojeni, sijamaliza," daktari akasema, akitabasamu. "Kile kinyama kilichokuwa kinatoa damu hakina neno. Tulipokitoa, hadithi yake ikaisha. Ila ile sehemu nyeupe, iliyokuwa haitoi damu wala haiumi, hiyo ndiyo yenye neno. Nyama yake imebadilika sana. Imebaki hatua moja kabla ya saratani. Tutaiondoa kwa waya mwembamba wa umeme. Utachomwa sindano ya ganzi, na utarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Jemadari alikunja uso. "Subiri, daktari. Kilichokuwa kinalia hakikuwa na kitu. Na chenye kitu kilikuwa kimenyamaza?"

"Hivyo hasa."

"Na nisingeona damu?"

"Usingekuja. Ungerudi baada ya hiyo miaka mitano ya cheti alichonieleza Nesi. Mimi sijui ningekuwa na la kukwambia."

Mama Pacha alishika ukingo wa kiti. Cheti kile kilikuwa kimetoka mikononi mwake.

Matibabu yalichukua nusu saa. Kwa wiki kadhaa Jemadari alitokwa na majimaji, kama alivyoonywa, na kwa mwezi mzima alilala mbali na mumewe, bila kunyanyua mizigo. Kushona aliruhusiwa. Kugombeza hakukatazwa, kwa hiyo aligombeza.

Mwezi huo huo timu ya chanjo ya HPV ilifika shuleni kwa binti wa Jemadari, mwenye miaka kumi na miwili. Mwaka uliotangulia Jemadari alikuwa amekataa kutia saini karatasi ya kuruhusu achanjwe. Alikuwa amesikia kwamba chanjo inaua uzazi. Sasa alikwenda kwa Nesi na kuuliza waziwazi.

"Haigusi uzazi," Nesi alimjibu. "Inamkinga na kirusi, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla hajakutana nacho. Ndiyo maana tunawachanja wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na minne. Na akikua, naye atapimwa kama wewe, kwa sababu chanjo haifuti kipimo."

Binti alichomwa mkono wa kushoto. Alirudi nyumbani akalalamika mkono unauma, lakini alikula sahani mbili.

Mwaka ukaisha. Jemadari akarudi kupimwa, kama alivyoagizwa. Safari hii aliingia zahanati peke yake, mkononi ana gauni jipya la Nesi. Majibu yakaja: virusi havikuonekana. Hakukibana cheti ukutani. Alikiweka kwenye mkoba, na kila baada ya muda alikuwa akiugusa mkoba kwa nje.

Ukutani palibaki kile cha zamani, chenye kikaratasi cha Mama Pacha juu yake. Mama Pacha alijaribu mara mbili kukitoa. Mara zote mbili Jemadari alimzuia.

"Kiache. Kazi iliyorudi inakaa pale tuione."

Siku moja Nesi alikuja tena na boksi lake. Msichana mmoja wa mashine alikuwa ametimiza miaka thelathini mwezi uliopita. Alipokea kipakiti, akasimama mbele ya pazia, akikigeuzageuza. Kisha akamsogelea Mama Pacha pembeni na kunong'ona.

"Mama Pacha, mwenzio naogopa. Nimalizie."

Mama Pacha alisikia lile neno, na mikono yake ikanyanyuka yenyewe, kama ilivyozoea. Akaishusha.

"Hapana," alisema.

Karakana nzima iligeuka. Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Bibi Pasi aliinua pasi kutoka kwenye nguo isije ikaungua. Jemadari, nyuma ya meza yake, alifunga mkasi taratibu.

"Pindo nitakumalizia," Mama Pacha alisema. "Vifungo nitakumalizia, na kola. Hii ni ya mwili wako mwenyewe. Ingia. Mimi nitasimama hapa nje ya pazia, na ukitaka nitazungumza nawe mpaka utoke."

Msichana akaingia. Mama Pacha akasimama pale, mgongo kwenye pazia.

"Zungumza basi," sauti ndogo ikasema kutoka ndani.

"Nizungumze nini?"

"Mwambie habari zangu," Jemadari alisema kwa sauti ile ya kufika barabarani. "Zote. Anzia kwenye kapu."